Jipu Lisilopona na Mlango wa Nyuma

Jipu la karibu na njia ya haja kubwa likipasuliwa mara tatu na usaha ukarudi palepale, cha kutiliwa shaka ni utambuzi wenyewe. Huenda si jipu. Huenda ni uvimbe maji ambao mtu kazaliwa nao, umejibanza kati ya puru na mifupa ya mwisho ya uti wa mgongo.

Chanzo chake ni mkia. Kiinitete cha binadamu huwa na mkia, na ndani yake kipande cha utumbo ambacho kwa kawaida hunyauka kufikia wiki ya nane. Kisiponyauka chote, masalia yake hutoa ute na kukaa kimya miaka mingi. Wengi wanaogundulika ni wanawake wa makamo. Mwaka 1988 Hjermstad na Helwig, wanapatholojia wa Marekani, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 53, na hadi leo madaktari huurejea.

Kwa nini kuutoa hata usipouma? Kwa sababu huweza kuoza kwa maambukizi, na mara chache hugeuka saratani. Kuuchoma sindano ili kuchukua kinyama cha kupima hakushauriwi kwa kawaida: njia ya sindano yaweza kuingiza vijidudu au kusambaza seli mbaya. Picha ya MRI hutangulia, nayo ndiyo huamua mlango wa kuingilia wakati wa upasuaji.

Mpaka ni pingili ya tatu ya sakramu, mfupa ulio juu ya kifandugu. Uvimbe ukivuka juu yake, hupitiwa tumboni, siku hizi mara nyingi kwa kamera na matundu madogo. Ukiwa chini, mgonjwa hulazwa kifudifudi na kuchanwa nyuma, njia aliyoieleza Paul Kraske wa Ujerumani mwaka 1885 kwa ajili ya saratani ya puru. Kifandugu hukatwa kikiziba. Hapo kuna mbinu ninayoipenda kwa wepesi wake: daktari huvaa glavu mbili, huingiza kidole ndani ya puru na kuusukuma uvimbe nje, huku kidole hichohicho kikimwonya ukuta wa puru unapokaribia kutoboka. Kisha huvua glavu ya juu na kuendelea.

Ugumu ni kuutoa mzima. Mara nyingi una vyumba vingi, na kimoja kikisahaulika, uvimbe hurudi. Pembeni zimepita neva za choo na mkojo. Zikikatwa za pande zote mbili, mgonjwa hushindwa kujizuia.

Basi kabla ya kukubali kupasuliwa mara ya nne, omba picha.