Mikono Minne ya Kima

Kitabu cha elimu ya wanyama nilichosoma nikiwa kijana kilikuwa kikuukuu, jalada limekwisha toka. Humo nilikuta neno ambalo wataalamu wa leo wameliacha: Kwadrumana, yaani wenye mikono minne. Ndilo lililowakusanya nyani, kima, tumbili na sokwe katika kundi moja. Binadamu aliwekwa peke yake, akaitwa Bimana, mwenye mikono miwili. Wakati ule nililipenda. Nani hajamwona tumbili ameshika tawi kwa mguu, huku mikono inamenya ndizi?

Leo nalishitaki neno hilo kwa makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la mifupa. Mwaka 1758 Linnaeus, Mswidi, alikwisha kutuweka sisi na kima katika oda moja, Primati. Blumenbach wa Ujerumani akatutenga mwaka 1779, na Cuvier wa Ufaransa akaueneza mgawanyo huo. Mwaka 1863 Huxley, Mwingereza, akaubomoa. Alionyesha kwamba kiungo cha nyuma cha gorila, ijapokuwa kidole gumba chake hushika, ni mguu hasa: mifupa ya kifundo imepangwa kama ya mguu, na misuli yake ni ya mguu. Kushika hakuufanyi mguu kuwa mkono. Msokota kamba hubana kamba yake kwa kidole cha mguu, wala hatusemi ana mikono mitatu. Na mbega je? Gumba la mkono wake limebaki kibutu tu. Kama mkono ni gumba la kushikia, yeye ana mikono mingapi?

Hata hivyo neno halikufa upesi. Darwin aliendelea kulitumia katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mwanadamu, ingawa aliona kwamba haki ilikuwa kwa Linnaeus. Mazoea yana taabu.

Kosa la pili ndilo linaloniuma. Neno hili lilikuwa ukuta baina ya mtu na mnyama, na msomaji angetazamia kwamba ukuta huo ungemkinga kila mwenye mikono miwili. La hasha! Saartjie Baartman, mwanamke Mkhoikhoi wa Afrika Kusini, aliyekuwa akionyeshwa kwa watu kwa malipo huko London na Paris, alifariki Paris mwaka 1815. Cuvier aliupasua mwili wake, na mwaka 1817 akachapisha taarifa iliyomlinganisha na nyani. Ni Cuvier yuleyule aliyefundisha kuwa binadamu wote ni Bimana. Basi kwa hesabu ya mikono mama huyu alikuwa mtu kamili, lakini juu ya meza ya mtaalamu alitafutiwa unyani. Mabaki yake hayakuzikwa kwao hadi mwaka 2002.

Ndiyo maana sisikitiki neno hili likifutwa vitabuni. Nasikitika tu kwamba tabia iliyolizaa haifutiki kwa wino. Wazee walisema nyani haoni kundule. Zamani nilidhani methali hiyo inamsema nyani. Sasa nawafikiria wale mabwana waliohesabu mikono ya viumbe wengine kwa makini sana, wasitazame mikono yao wenyewe ilikuwa ikifanya nini.