Kipya Kinyemi

Mjukuu wangu anataka nimnunulie Nintendo Switch 2, mashine ya michezo ya video ichezwayo mikononi, iliyotoka Juni 2025. Anayo ile ya kwanza, ya mwaka 2017, na bado ni nzima. Nilipomwuliza atacheza nini humo, alijibu, "Mario, babu." Mario yule yule wa miaka ya themanini! Basi nikajiuliza: mashine mpya huitia uhai michezo ya siku nyingi, au huibadilishia nguo tu?

Kwamba kifaa chaweza kuzaa jambo jipya, sikatai. Game Boy ilipotoka Japani mwaka 1989, ilikuwa na tundu la waya wa kuunganishia mashine mbili. Satoshi Tajiri, aliyekuwa mkusanyaji wa wadudu utotoni, aliona kwamba kwa waya huo watoto wangeweza kubadilishana viumbe. Mwaka 1996 ikatoka Pokémon kwa matoleo mawili, kila moja likikosa baadhi ya viumbe vya jingine. Mtoto asiye na mwenzi hakuweza kukamilisha mkusanyo wake. Lakini angalia, msomaji: mashine hiyo ilikuwa na umri wa miaka saba. Upya haukutoka dukani. Ulitoka katika fikra za mtu aliyeutazama waya wa zamani kwa jicho jingine.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2011 ilitoka 3DS, yenye kuonyesha picha zenye kina bila miwani. Mwaka 2013 kampuni ile ile ikauza 2DS, isiyo na kina hicho, na michezo ile ile ikachezwa humo. Pambo likiondolewa na mchezo ukabaki ulivyo, basi lilikuwa pambo.

Wapo wasemao Switch ndiyo iliyoufufua mfululizo wa Zelda, ulioanza mwaka 1986. La hasha. Breath of the Wild ilitoka Machi 2017 kwa Switch na, siku hiyo hiyo, kwa Wii U, mashine ya mwaka 2012. Kilichofufua ni uamuzi wa watunzi kumwachia mchezaji aende atakako na kupanda karibu kila mlima auonao. Switch ilimwezesha kuendelea na mchezo kitandani. Hiyo ni raha, wala siidharau. Lakini raha si upya.

Kosa la kuchanganya mawili hayo nalijua, maana nimelitenda. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tulipata projekta, nami nikaandika katika ripoti kwamba ufundishaji umebadilika. Baadaye nikaingia madarasani. Wakufunzi walikuwa wamehamishia kwenye plastiki maelezo yale yale ya ubaoni, na wanachuo wakinakili kimya vile vile.

Nikamwuliza mjukuu: "Utafanya nini katika mpya usichoweza katika ya zamani?" Akafikiri, akasema, "Rafiki yangu ameshahamia huko."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mario Kart World haichezeki katika mashine yake. Haogopi kukosa mchezo mpya. Anaogopa kuachwa nyuma. Nitamnunulia, nikijaliwa, kwa ajili ya rafiki yake. Ila ripoti ya kwamba mchezo umebadilika, siandiki tena.