Redio ya Boti na Sikio la Nchi Kavu

Mlinzi wa usiku mjini Kitale akibonyeza redio yake getini, mwenzake aliye Kiminini humsikia vizuri, na pengine hata aliye mbali zaidi kwenye barabara ya kuelekea Bungoma. Ni rahisi kuamini kwamba nguvu hiyo imo ndani ya kile kidude cha mkononi. Mara nyingi kampuni ya ulinzi ina ripita mlimani: mtambo unaoipokea sauti ya mlinzi kwenye masafa fulani na papo hapo kuirusha upya, kwa nguvu na kutoka juu, kwenye masafa mengine. Redio ya mlinzi inafika mlimani tu. Mlima ndio unaofika Kiminini.

Mtu aliyezoea hali hiyo akishuka ziwani huenda na imani ileile, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Redio za boti huzungumza moja kwa moja, chombo kwa chombo, bila ripita katikati. Majini hakuna mlima wa kukubebea sauti.

Nalileta jambo hili kwa wasomaji wa huku juu kwa sababu watu wetu wamo botini kila siku. Mto Nzoia unaokusanya maji ya Cherangany na Mlima Elgon hupita Trans Nzoia, ukaanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole pale Webuye, kisha ukaishia Ziwa Victoria karibu na Port Victoria. Biashara hupanda njia hiyo kinyumenyume: omena wa Busia huuzwa Chwele na Kanduyi. Upande wa kaskazini, samaki wa Kalokol hupitia Lodwar na Kapenguria hadi Kitale. Wanaovuka kwenda visiwani kununua samaki si wote waliozaliwa ufuoni. Wengi walikua kwenye mahindi na miwa, na wakiingia botini hawajui maji yanaifanyia nini sauti ya redio.

Masafa ya redio za boti yako kati ya megahezi 156 na 162. Mawimbi ya aina hiyo huenda karibu na mstari ulionyooka, nayo dunia imepinda. Mabaharia wana hesabu ndogo ya kukadiria umbali: chukua urefu wa antena juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita hadi upeo wa macho wa redio. Fanya hivyo kwa anayezungumza na kwa anayesikiliza, ujumlishe.

Sasa tuketi ndani ya mtumbwi. Antena ya redio ya mkononi iko mita moja hivi juu ya maji, kwa hiyo upeo wake ni kilomita 4 na kidogo. Mwenzako akiwa ameketi kwenye mtumbwi mwingine, mwisho wa kusikilizana ni kilomita 8, tena ziwa likiwa limetulia. Lakini msikilizaji akiwa ufuoni na antena iliyofungwa juu ya mlingoti wa mita 16, upande wake peke yake una kilomita 16 na nusu, na jumla inapita 20. Akipanda kilima chenye mita 100 juu ya ziwa, jumla inafika kilomita 45. Redio yako ni ileile, betri ni ileile. Aliyebadilisha mambo ni yule wa nchi kavu, kwa kupanda juu.

Ndiyo maana nasikitika nikiona mtu anachagua redio kwa kuuliza ina wati ngapi. Redio nyingi za mkononi za boti zina ngazi mbili, wati 1 na wati 5 au 6. Wati za ziada husafisha sauti inayokwaruza, nazo husaidia mwili wako unapoinyonya sehemu ya mawimbi. Haziupindishi upeo wa macho. Zinachofanya kwa hakika ni kula betri. Hata yale maandishi kwenye kasha, kwamba betri inakaa saa kumi au zaidi, kwa kawaida yamepimwa kwa mgawo ambao wengi hawaambiwi: asilimia 5 ya muda unazungumza, asilimia 5 unapokea sauti, na asilimia 90 redio inangoja kimya. Kikundi kinachopiga soga za bei ya mbuta kwa wati 5 tangu alfajiri kitafika jioni na redio iliyokufa, na jioni ndiyo saa watakayoihitaji. Mazungumzo ya karibu yafanywe kwa wati 1. Wati 5 ziwekwe kwa shida na kwa umbali.

Antena isimame wima, kwa sababu ya mwenzako nayo imesimama wima. Ukiilaza mawimbi hayakutani sawasawa na sehemu kubwa ya nguvu hupotea. Shika redio sentimita chache kutoka mdomoni, upande usio na upepo, uzungumze kwa sauti ya kawaida, maana kelele huiharibu sauti ndani ya kipaza. Mawimbi ya maji yakiwa makubwa kuliko kimo chako ulichoketi, boti ikishuka bondeni unakatika na ikipanda kileleni unasikika, kwa hiyo sema maneno mafupi na uyarudie. Kishawishi cha kusimama ili kuongeza urefu kipo, na hesabu ya juu inakiunga mkono: mita 2 zinakupa karibu kilomita 6 badala ya 4. Usisimame. Mtumbwi uliojaa magunia na watu hupinduka kwa mtu mmoja aliyeinuka wakati mbaya, na kilomita mbili hazina thamani hiyo.

Redio ifungwe kwa kamba kwenye jaketi okozi la mtu, isifungwe kwenye mbao za boti. Boti ikipinduka, kilichofungwa kwenye boti kimekwenda na boti. Wengine hupenda kumpa nahodha peke yake. Mimi naona apewe mtu ambaye mikono yake haishughuliki na injini, na kila abiria aonyeshwe kitufe cha kuzungumzia kabla ya kuondoka, kwa kuwa aliyefunzwa anaweza kuwa ndiye aliyeumia. Redio yenye alama ya IPX7 imepimwa kuvumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, ila si kila redio ya namna hiyo huelea. Redio za walinzi nyingi hazina kinga hiyo kabisa, na zile zilizopangwa kwa masafa ya megahezi 400 na kitu hazisikilizani na redio za boti hata zikiwekwa ubavuni. Na mtungi wa petroli unapofunguliwa kujaza injini, usizungumze kwenye redio wala usibadilishe betri.

Kuna kosa dogo linalofunga mdomo wa ziwa zima. Chaneli ya boti hubeba sauti moja kwa wakati mmoja. Redio ikikaliwa mfukoni na kitufe kikabonyezwa, inarusha mngurumo wa injini mfululizo, na walio karibu hawasikii kingine. Mwenye redio hiyo hajui, kwa kuwa inapotuma haipokei. Ukiona redio yako imenyamaza isivyo kawaida na betri inashuka haraka, tazama kitufe kwanza.

Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ni ya kuitana na ya dharura. Mkishaitana mnahamia chaneli nyingine, kama 6 au 72 kati ya boti na boti. Chaneli 70 huachiwa mitambo inayotumiana ishara za kidijitali, hapazungumzwi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo inayotoa leseni za masafa haya, kwa hiyo kikundi kinachotaka kuwa na kituo ufuoni kianzie huko.

Neno la hatari ya kifo ni Mayday, lililotokana na Kifaransa cha kuomba msaada, na linatamkwa vilevile na Mluhya, Mturkana au Mganda. Husemwa mara tatu. Tuseme boti inaitwa Neema: “Mayday, Mayday, Mayday. Hapa ni boti Neema, Neema, Neema. Mayday, boti Neema. Tuko kilomita tatu kusini mwa kisiwa cha Mageta. Boti inaingia maji, injini imezima. Tunaomba kuokolewa sasa. Tuko watu tisa, narudia, tisa, moja pungufu ya kumi. Boti ya buluu. Ova.” Kisha achia kitufe usikilize. Wengi hukisahau kidole pale, wakamzuia yuleyule anayewajibu. Injini ikizima lakini hakuna anayezama, neno ni Pan-Pan, nalo pia mara tatu.

Mahali ulipo hutangulia shida yako, maana betri ikikata baada ya sentensi hiyo, wanajua pa kuja. Na Kiswahili chetu kina mitego yake hewani. Sita na tisa zina sauti zilezile zilizogeuzwa, na kwenye mchakacho wa redio idadi ya watu inazidi kwa watatu au inapungua kwa watatu. Ndiyo sababu ya “moja pungufu ya kumi”. Kaskazini na kusini vinafanana mkia. Redio huchukua sehemu ya sekunde kuanza kutuma, kwa hiyo anayesema papo hapo anapobonyeza hukatwa mwanzo wa neno, na msikilizaji anabaki na mkia wenyewe: waokoaji wanakwenda upande usio na mtu. Bonyeza, pumua, ndipo useme. Saa nazo zisemwe pamoja na asubuhi au jioni, kwa kuwa kuna anayesoma simu yenye saa 15 na kuna anayehesabu saa tisa.

Yote hayo hayafai kitu kama hakuna sikio. Julai 1934 msafara wa kisayansi ulioongozwa na Mwingereza Vivian Fuchs ulikuwa Ziwa Turkana, wakati huo likiitwa Ziwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walibaki Kisiwa cha Kusini, kile kinachoonekana kutoka Loiyangalani. Siku za mwanzo moto wao ulionekana kutoka ng’ambo. Kisha haukuonekana tena. Walipokosa kurudi walitafutwa, hata kwa ndege, na hawajapatikana mpaka leo. 

Nikiuchambua moto ule kama chombo cha mawasiliano, naona una umbali mzuri kuliko redio yetu ya mtumbwini. Upungufu wake uko kwingine. Moto una neno moja tu, “tupo”. Usipowaka, anayetazama hana njia ya kujua kama kuni zimekwisha, kama watu wamehamia upande wa pili wa mlima, au kama wamekufa. Kimya kinakuwa na maana pale tu watu walipokubaliana mapema kwamba kitamaanisha nini.

Hata redio ikiwepo, sikio linaweza kukosekana. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, meli ya Californian ilikuwa karibu kuliko ile iliyokuja kuokoa watu. Mwendeshaji wake pekee wa redio alikuwa amezima mtambo na kwenda kulala, dakika chache tu kabla Titanic haijagonga barafu. Maafisa wa zamu waliona fataki angani wasielewe zinadai nini. Mkataba wa usalama wa baharini wa 1914 uliofuata ukaweka sheria za zamu ya kusikiliza redio. Mtambo wa Californian haukuwa na hitilafu yoyote usiku ule.

Kituo cha kuratibu uokoaji cha kanda kiko Mombasa tangu 2006, na Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Kenya, kilichozinduliwa 2018, kinahusika na maziwa pia. Kutoka mtumbwini Port Victoria redio ya mkononi haifiki Mombasa kwa hesabu yoyote ile. Lazima mtu awe katikati: wa kukusikia kwenye chaneli, na mwenye simu ya kuwaita wenye injini kubwa. Kwa hiyo fedha za redio ya pili ya botini ningezitumia kununua mlingoti, antena na daftari la mtu wa ufuoni. Kamati za usimamizi wa fuo tayari zina ofisi na watu, na mama anayenunua omena kila siku hapo ana sababu kuliko yeyote ya kutaka boti irudi.

Daftari lenyewe halihitaji mengi. Jina la boti, idadi ya watu, inakokwenda, saa ya kuondoka, na saa za kuitana, tuseme kila saa moja kamili. Boti inaita, ufuo unajibu, sekunde kumi zimetosha, wati 1 ikifika vizuri. Wakiwa mbali zaidi ya upeo, wakubaliane wataitia kutoka kisiwa gani na boti ipi itawapokezea neno. Mwandikaji hazimi redio kwenda kula chakula cha mchana. Anampa mwingine, na jina la aliyepokea linaandikwa.

Tuseme saa kumi jioni Neema hawajaita. Mwandikaji anawaita mara tatu kwenye 16, anaziuliza boti za karibu, anapiga simu ya nahodha. Saa kumi na nusu, bila kungoja ruhusa ya mtu na bila kuogopa kuchekwa kwamba walikuwa wamezima redio tu, anafungua ukurasa wenye namba za waokoaji na kuanza kusoma: watu tisa, boti ya buluu, mara ya mwisho kusini mwa Mageta saa tisa alasiri.