Sauti Isiyoandikwa: "Madame Livingstone" na Filamu Inayongojwa

Wapenzi wa hadithi za katuni wana desturi moja isiyobadilika. Kitabu kikishawaingia moyoni, huanza kukitengenezea filamu katika fikra zao kabla hata ya kutokea mtayarishaji wa kukigusa. Humteua mwigizaji wa kumfaa shujaa, hubishana juu ya mavazi na mandhari, na huhofia kwamba kipande wanachokipenda kitakatwa. Mabishano hayo kwa kawaida huelekezwa kwenye sura: je, mtu wa kwenye filamu atafanana na yule aliyechorwa? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa msomaji wa Kindu, na kwa Maniema yote, suala lililo zito zaidi si la sura bali ni la sauti. Kitabu kitakachochukuliwa kama mfano ni "Madame Livingstone", kilichochorwa na Barly Baruti na kuandikwa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, kikatolewa na Glénat mwaka 2014. Filamu yake bado ni ya mawazoni. Na kwa kuwa bado ni ya mawazoni, huu ndio wakati wa kujadili inavyopaswa kuwa.

Hadithi na mahali pake

Baruti alizaliwa Kisangani mwaka 1959, nao ni mji ulio kwenye mto uleule unaopita Kindu. Kazi yake imefuata mkondo wa uhalisi wa wachoraji wa Ubelgiji na Ufaransa, na msomaji wa Kongo anamheshimu hasa kwa sababu anaichora nchi kama mtu anayeijua. Katika kitabu hiki anarudi kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Rubani Mbelgiji anafika kwenye Ziwa Tanganyika akiwa na jukumu la kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anayemwongoza ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti, anayedai kuwa ni mwana wa msafiri David Livingstone. Vazi hilo ndilo lililompatia jina la kejeli ambalo ndilo anwani ya kitabu.

Historia iliyo nyuma ya hadithi inajulikana. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilizotua majini ziliushambulia mji wa Kigoma, na mwezi Julai mwaka huo Wajerumani wenyewe wakaizamisha Götzen ili isitekwe. Baadaye meli hiyo iliibuliwa, ikapewa jina la Liemba, ikaendelea kuwasafirisha watu ziwani kwa miongo mingi. Kindu haikuwa mbali na mambo hayo. Reli ya kwenda Kongolo ilikuwa imekwisha kujengwa kabla ya vita, na mji ulikuwa kiungo kati ya njia ya mto itokayo Ubundu na njia ya reli iendayo kusini, kuelekea ziwani. Aidha, dai la mwongozaji yule linaigusa Maniema moja kwa moja. Livingstone aliishi katika nchi hiyo kuanzia mwaka 1869, na mwaka 1871 alishuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe. Kwa hiyo msomaji wa Kindu hasomi habari za ugenini. Anasoma jambo ambalo lingeweza kusimuliwa barazani kwa babu yake.

Lugha iliyofichwa na maandishi

Hata hivyo, babu huyo asingelisimulia kwa Kifaransa. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa, na wahusika wote wanasema lugha hiyo ndani ya vipovu vya maneno. Jambo hilo halimkeri msomaji, kwa sababu katuni ni sanaa ya kimya. Jicho huona maneno, lakini sikio la ndani hujisikilizia linachotaka. Msomaji wa Maniema aonapo wapagazi wamebeba mizigo kuelekea ziwani huweza kusoma Kifaransa na kusikia Kiswahili kwa wakati mmoja. Uhuru huo ni fadhila ya fani yenyewe wala si kosa la mwandishi.

Filamu huuondoa uhuru huo. Mwigizaji akifungua kinywa lazima itoke lugha fulani, yenye lafudhi fulani, na chaguo hilo hubeba historia. Katika vita hiyo lugha zilipangika kwa vyeo. Maofisa wa Force Publique walisema Kifaransa. Kilingala kilikuwa kimekwisha kushika mizizi makambini mwa askari. Na wapagazi, ambao hesabu yao ilifikia malaki, waliotoka mashariki walikuwa na Kiswahili. Ng'ambo ya ziwa, jeshi la Wajerumani nalo liliwaamuru askari wake kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba mpagazi wa Maniema aliweza kuelewana na askari wa adui kuliko alivyoelewana na ofisa aliyemwamuru. Hakuna kejeli ya vita iliyo kali kuliko hiyo, na maandishi ya lugha moja hayawezi kuidhihirisha. Filamu yaweza, iwapo mwongozaji atakuwa na masikio.

Mhusika mkuu naye anazidisha uzito wa suala hili. Dai lake la kuzaliwa na Livingstone linasimama imara katika kitabu kwa sababu msomaji hamsikii. Je, anasema kama Mskoti, kama Mwungwana wa Nyangwe, au kama mtu aliyejifunza kila lugha kwa kusikiliza? Lafudhi yoyote itakayochaguliwa itakuwa nusu ya hukumu juu ya ukweli wa dai hilo. Pengine jibu lililo bora ni kumfanya abadilishe lugha kulingana na anayesema naye, ili utata wake uhamie kutoka kwenye vazi hadi kwenye ulimi.

Yaliyotangulia

Hofu ya wapenzi wa kitabu hiki ina sababu. Mwaka 1951 John Huston alipiga sehemu ya "The African Queen" kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, yaani mwisho wa safari ya mashua itokayo Kindu. Filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, inahusu vita hiyohiyo na meli ya Kijerumani ziwani. Waafrika wanaonekana kanisani, kijijini na ngomeni, lakini hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya mhusika kamili mwenye maneno yake. Mto ulitumiwa, wenye mto hawakusikika.

Katika katuni hali haikuwa njema zaidi. Hergé alipomleta Tintin Kongo katika hadithi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1930, Wakongo walisemeshwa Kifaransa kilichovunjika, kana kwamba hawakuwa na lugha nyingine waliyoimudu. Tintin mwenyewe alipofanyiwa filamu na Steven Spielberg mwaka 2011 alisema Kiingereza, na hata huko Ubelgiji wapo waliotambua kwamba wanayemsikia si yule waliyemsoma. Kongo imewahi pia kuiona safari ya kinyume: Mata Mata na Pili Pili, waliozaliwa katika filamu za padre Albert Van Haelst za miaka ya 1950, waliingia katika katuni za Mongo Sisse miaka ya 1970. Safari hiyo ilimpa mchoraji Mkongo nafasi ya kuwachukua wahusika walioundwa na mgeni na kuwafanya wake. Safari ya kutoka katuni kwenda filamu yaweza kuleta faida hiyo au kuipoteza.

Mfano wa kutia moyo umetoka Tanzania. "Vuta N'kuvute", riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, ilisomwa na kupendwa kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya filamu ya Amil Shivji kuonyeshwa mwaka 2021. Filamu isingeweza kubeba riwaya nzima. Ilishika kiini chake, yaani uhusiano wa Yasmin na Denge katika Unguja ya ukoloni. Lakini haikuitupa lugha. Msomaji aweza kulalamikia kilichoachwa, na bado akawatambua watu wake kwa namna wanavyosema.

Pingamizi na jibu lake

Yaweza kusemwa kwamba filamu ya vita, yenye ndege na meli, ni ya gharama kubwa, na kwamba anayelipa atataka Kifaransa au Kiingereza. Pingamizi hili ni la kweli, lakini halitoshi. Watazamaji wa leo wamezoea kusoma tafsiri chini ya picha. Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linatoka kwa Waswahili wenyewe: ni Kiswahili kipi? Kuwasemesha wapagazi Kiswahili sanifu, kilichosanifiwa baada ya vita ile, kungekuwa uwongo wa aina nyingine. Kingwana, chenye matamshi kama "mutu" na "mutoto" na matumizi mapana ya "iko", kimedharauliwa mno madarasani, hata na wanaokisema nyumbani. Kukisikia kwenye filamu, kikibeba hofu, mzaha na hekima ya watu wazima, kungekuwa hoja yenye nguvu kuliko makala kumi za kukitetea.

Hitimisho

Kwa muhtasari, anayeingoja filamu ya "Madame Livingstone" ana haki ya kuuliza kama ziwa litapendeza na kama ndege zitaruka ipasavyo. Hayo yana mafundi wake. Swali ambalo halina fundi, na ambalo wanafunzi wa Kiswahili wangepaswa kuliuliza mapema, ni hili: mpagazi atakapotua mzigo wake na kumgeukia mwenzake, atamwambia nini, na kwa maneno ya nani? Baruti amekwisha kumchora mpagazi huyo akiwa na uso wake. Kilichobaki ni kumrudishia kinywa chake.