Mistari Iliyofutwa ili Valgrind Inyamaze

Anayetaka kuona jinsi testi inayofeli isivyopaswa kushughulikiwa asome tena kiraka ambacho Debian ilitia kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, mwaka 2006. Kilikuwa kosa tupu, na kosa lenyewe ni la utaratibu. Ni utaratibu ule ule wa mtu anayejenga Linux From Scratch (LFS), akifika kwenye testi za maktaba ya glibc na kuona FAIL, anaongeza `|| true` mwishoni mwa amri ili skripti iendelee. Safu hii imelipigia kelele jambo hilo mara nyingi, na italipigia tena.

Tukio lenyewe lilianza kwa onyo halali. Programu zinazotumia OpenSSL zilipopitishwa kwenye Valgrind, zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, zililalamikiwa kuwa zinatumia data kutoka kumbukumbu ambayo haijajazwa. Aprili 2006 ripoti ya hitilafu nambari 363516 ikafunguliwa Debian. Ndani ya faili la md_rand.c mlikuwa na mstari unaojirudia herufi kwa herufi mahali pawili: `MD_Update(&m,buf,j)`. Ndani ya `ssleay_rand_bytes`, mstari huo ulichanganya bafa ya mpigaji (msimbo ulioiita kazi hiyo), ambayo huenda haikuwa na kitu. Kuuondoa hapo kusingemdhuru mtu, na waandishi wa OpenSSL walikuwa wameshauzungushia `#ifndef PURIFY` kwa sababu hiyo hiyo. Ndani ya `ssleay_rand_add`, mstari ule ule ndio ulioingiza mbegu ya namba za nasibu. Mtunzaji wa kifurushi aliifuta yote miwili, na Valgrind ikanyamaza. Kuanzia hapo, kitu pekee cha nasibu kilichobaki kwenye mbegu kilikuwa PID (namba ya utambulisho) ya mchakato, ambayo kwa kawaida kwenye Linux haikuvuka 32,768. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, idadi hiyo mtu aliweza kuizalisha yote na kuihifadhi kwenye diski.

Na testi zilipita! Hapa ndipo wengi hukosea wanaposimulia kisa hiki. Testi ya nasibu ya OpenSSL hupima takwimu: biti ngapi ni moja, ngapi ni sifuri, mifuatano ina urefu gani. Matokeo yaliyopitishwa kwenye SHA-1 huonekana ya nasibu hata kama mbegu ni namba ndogo inayokisika. Kwa hiyo testi zote kupita baada ya marekebisho hakukuthibitisha lolote kuhusu kilichofutwa. Valgrind nayo hailalamiki baiti isiyojazwa inaponakiliwa. Hungoja mpaka programu ifanye uamuzi kwa kuitegemea, mara nyingi mbali na chanzo. Ni kweli kwamba chaguo la kufuatilia chanzo lilikuja na toleo la 3.4.0 mwaka 2009, hivyo mwaka 2006 kazi hiyo ilibidi ifanywe kwa mkono. Lakini iliwezekana: ungepitia wapigaji wa `RAND_add`, mlango wa kuingilia `ssleay_rand_add`, mmoja mmoja mpaka umpate anayeleta bafa isiyojazwa. Badala yake uling'olewa mstari ambao wapigaji wote hupitia, wenye data safi na wasio nayo.

Watetezi husema mtunzaji aliuliza kwanza kwenye orodha ya barua ya OpenSSL na hakupingwa. Aliuliza, na hilo ni jema. Lakini swali lilihusu kurahisisha utatuzi wa hitilafu, na ruhusa ya kuondoa mistari kwa ajili ya utatuzi si ukaguzi wa kiraka kitakachosambazwa kwa dunia nzima. Kiraka kinachogusa usimbaji fiche hupelekwa chenyewe, kizima, kwa waliouandika msimbo, na hakitolewi mpaka watie mkono.

Kifurushi kilitoka Septemba 2006. Luciano Bello aligundua kasoro, na tangazo likatoka tarehe 13 Mei 2008, kazi safi. Ubuntu 8.04 ilikuwa haijatimiza hata wiki tatu. Kenya wakati huo ilikuwa bado kwenye setilaiti, kwani kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009. Msimamizi wa seva hapa alitakiwa kushusha vifurushi vipya kupitia laini hiyo, kisha abadilishe kila ufunguo uliozalishwa katika miezi ishirini. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba si kila FAIL inastahili kukesha nayo. Nakubali. Anayejenga LFS kule Gataka kwa laptopu ya mtumba ataona testi za glibc zikikatwa kwa kuchelewa, `io/tst-lchmod` hufeli ndani ya chroot, na baadhi ya testi za GCC humaliza staki. Lakini kila moja ina sababu inayojulikana na dawa yake: ongeza TIMEOUTFACTOR, panua staki kwa `ulimit`, soma faili la .out, rudia testi hiyo peke yake, kisha linganisha na kumbukumbu za ujenzi za toleo lile lile. Ikibaki inafeli, andika jina lake na sababu. Kufeli kunakoelezeka ni taarifa. Kunyamazisha ni kujinyima taarifa hiyo.

Donald Knuth alilijua hili tangu mwaka 1984 alipotoa testi ya TRIP, iliyotungwa makusudi kuitesa TeX, programu yake ya kupanga maandishi, na akaweka sharti kwamba programu isiyoifaulu isiitwe TeX. Hakuna aliyeruhusiwa kuipunguza ili apite. Wasambazaji wa leo wana mashine zenye kasi maelfu ya mara kuliko zake, ila sharti hilo wameliacha. Walirudishe: kiraka kinachozima onyo kisikubaliwe mpaka aliyekileta aeleze kwa maandishi onyo lilitoka wapi.