Nipe Mji

Umeme ulipokatika nyumbani kwa bibi, tulitegeana vitendawili. "Kitendawili!" "Tega." "Nyumba yangu haina mlango." Tukishindwa, bibi alidai mji. Tulimpa Tanga akaukataa, tukampa Mwanza akaupokea. Alikwenda, akala, akanywa, akarudi na jibu: yai. Jibu likishatoka, mchezo umekwisha. Mtu akikirudia kitendawili kile usiku uleule tulimzomea.

Nilipofika sekondari nilikuta ushairi unafundishwa vivyo hivyo, ila bila kicheko. Mwalimu aliandika beti ubaoni, akauliza mshairi ana maana gani, nasi tukatazama mwongozo. Jua ni uhuru. Mawingu ni ukoloni. Tulikariri, tukafaulu. Baada ya mtihani nilikaa miaka sita bila kufungua diwani hata moja. Ningefungua kwa nini? Mji nilishautoa, na jibu nilishapewa.

Ningependa kuwalaumu walimu, lakini ushairi wetu wenyewe una kesi ya kujibu, maana tangu zamani umejisifu kwa kuficha. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Chukua hekaya ya Fumo Liyongo. Akiwa kifungoni, alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake na maneno ya kishairi ambayo walinzi waliyasikia bila kuyaelewa: oka mkate wa wishwa, ndani yake utie tupa. Walinzi walikuwa wakila vyakula vizuri alivyoletewa. Mkate wa wishwa waliudharau, wakamwachia mwenyewe. Usiku, huku ngoma na nyimbo zikifunika mlio wa tupa, akakata pingu.

Hapo shairi lilifanya kazi ya bahasha: mama aliifungua, walinzi hawakuweza. Sasa, bahasha ikishafunguliwa hutupwa. Sisi hatujaitupa. Kila anayeisikia hekaya hii leo anajua tupa iko wapi, na bado anataka asimuliwe tena. Siri imekwisha, mvuto umebaki. Basi mvuto haukuwa katika siri peke yake.

Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969, miaka mitatu, kwa sababu ya kijikaratasi chake "Kenya: Twendapi?". Gerezani aliandika kwa siri, kwenye karatasi za msalani, mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Limo humo shairi liitwalo "Mamba". Mwongozo utakwambia mamba ni mtawala dhalimu, nao haukosei. Lakini kama hilo ndilo lote, shairi lingezeeka pamoja na watawala wa wakati ule, tukalisoma kama tunavyosoma gazeti la mwaka juzi. Halijazeeka, kwa sababu mamba yule hajaacha kuwa mamba. Akili inasema "mtawala", lakini ngozi inaogopa mnyama wa mtoni. Maana moja haikuila nyingine. Ndiyo maana kijana ambaye hajui lolote kuhusu Kenya ya miaka ile anaweza kulisoma akamkumbuka mamba wake mwenyewe, pengine aliye nyumbani kwao.

Kuna upande wa pili pia. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya vina na mizani. Mimi kilichonishangaza nilipokisoma ni wepesi wa maneno. Msamiati wa Muyaka wa Mombasa hunipeleka kwenye kamusi kila mara. Wa Kezilahabi haunipeleki popote. Naelewa kila neno, nafunga kitabu, na kuna kitu sijakimaliza. Ugumu wa lugha, basi, ni jambo moja, na fumbo la shairi ni jambo jingine. Wengi wetu tunaoandika leo tumeyachanganya.

Nasema "sisi" kwa makusudi. Nimeandika mashairi ya giza tupu: kivuli kinachomeza mwangwi, ukimya unaonyesha damu. Rafiki aliniuliza kwa upole, "Hapa uliona nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimefunga boksi lisilo na kitu ndani, nikategemea kamba iwavutie watu. Tangu siku hiyo naamini kwamba mshairi hana haki ya kumficha msomaji kile ambacho yeye mwenyewe hakukiona. Haki yake ni kusema wazi kadiri awezavyo alichokiona, na kukubali kwamba hata baada ya kusema wazi kuna sehemu itakayobaki. Mbele ya sehemu hiyo, yeye na msomaji wako sawa.

Bibi alifariki mwaka ambao nilikuwa sijasoma shairi kwa muda mrefu. Nilikuwa miongoni mwa wajukuu tulioshuka kaburini kumpokea. Tulimlaza katika mwanandani, tukapanga mbao, udongo ukaanza kushuka. Nikiwa nimesimama pale na jembe mkononi, maneno yalinijia kwa sauti yake: nyumba yangu haina mlango.

Jibu ni yai. Nalijua tangu nikiwa na miaka sita. Na siku ile jibu hilo lilikuwa sahihi bado, wala halikunisaidia lolote. Niliyasikia maneno yale manne kana kwamba sijawahi kuyasikia: nyumba, yake, isiyo na mlango, na lile yai, kitu kisicho na mlango ambacho hata hivyo uhai hutoka ndani yake. Sikujua nianzie wapi.

Jioni, watu walipotawanyika, nilichukua diwani moja ya zamani kutoka kabatini nikaanza kusoma polepole. Kulikuwa na mistari mingi ambayo sikuielewa. Safari hii sikutoa mji.