Nati Isiyoonekana

Kwakoa iko tambarare, chini ya milima ya Upare Kaskazini, upande wa Ziwa Jipe, na huko barabara ndiyo inayompa fundi riziki. Makorongo na mawe humaliza bushi upesi, shokapu zikaanza kuvuja, springi zikakatika. Dereva akisema "linagonga mbele", kila mtu kijiweni anajua kazi imefika.

Ufundi ninaousifu ni ule wa uani, usio na shimo la gereji. Jeki moja, magogo ya kukingia chasisi (jeki ni ya kunyanyulia, asilale mtu chini yake), kopo la dizeli la kulainishia kutu, na spana. Utamu wa kazi uko kwenye vifungo vilivyofichwa kana kwamba aliyevibuni hakutarajia vifunguliwe: nati za juu za shokapu ya nyuma ya Corolla ya zamani, zilizojibanza nyuma ya kiti, au boliti ya ndani ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, ambako spana haizunguki hata robo.

Hapo fundi huacha kutazama. Anapenyeza mkono, uso kaugeuzia kwa watu, anapiga soga huku vidole vinatafuta. "Nipe kumi na saba, mwanangu. Siyo hiyo, ya ringi." Anavuta kidogo, anageuza spana, anavuta tena. Nati ikilegea yeye ndiye wa kwanza kujua, na soga inakatika.

Lakini fundi hupimwa wakati wa kufunga. Bushi ni mpira ulioshikana na mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, nao hufanya kazi kwa kujipinda. Ukikaza boliti yake gari likiwa juu, tairi linaning'inia, mpira unafungwa mahali pasipo pake; gari likishuka unabaki umesokoteka, na haukawii kuchanika. Anayejua huishikiza tu, hushusha gari likae kwa uzito wake, ndipo hurudi uvunguni kukaza. Sasa nafasi ni finyu kuliko mwanzo, na mwenye gari haoni tofauti yoyote. Mvivu hukwepea hapo hapo.

Huku kazi ya chuma si ngeni. Juu kidogo milimani, Ugweno, wahunzi wa ukoo wa Washana walifua chuma karne nyingi kabla gari halijafika, na chuma cha Ugweno kilinunuliwa hadi Uchagani. Ndiyo maana hata springi bapa ya gari ikikatika haitupwi: chuma chake hushika makali, mhunzi hukifua kikawa panga.

Kinachoniudhi ni bei. Wateja hupima malipo kwa ukubwa wa kifaa, na bushi inaenea kiganjani ingawa imekula asubuhi nzima. Fundi akiulizwa mbona kachelewa, husema boliti ilikuwa na kutu, basi. Ningekuwa yeye, ningedai ujira wa kurudi uvunguni mara ya pili.